Susu, kwa Nini Ng'ombe Ana Ritifaa?

Paukwa! Mkishajibu “Pakawa!” nitaanza, na ninaanzia uwanjani kwangu hapa Muthetheni, kaunti ya Machakos, jioni moja ya likizo ya Agosti. Agosti kwetu ni mwezi wa mbaazi. Wajukuu walikuwa wameketi mkekani, kila mmoja na bakuli lake, tukimenya mbaazi za kuchanganya na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa. Mmoja wao, msichana wa Gredi ya Sita, alikuwa amekuja na daftari la Kiingereza ambalo mwalimu alikuwa amelijaza wino mwekundu. Nililipitia ukurasa kwa ukurasa. Tahajia ilikuwa safi, na hadithi yenyewe tamu. Wino ule wote ulikuwa umeangukia vitu vidogo: nukta iliyosahauliwa, herufi ndogo iliyokaa mahali pa kubwa, kialama kilichoning'inia juu bila kazi.

“Susu,” akaniita, kwani nyanya kwa Kikamba huitwa susu, “maneno yangu yote yapo. Hivi vidudu ni vya nini?”

Nimefundisha lugha maisha yangu yote ya kazi, na hilo ndilo swali nililolipenda kuliko mengine, kwa sababu mtoto anayeliuliza hataki kukariri, anataka kujua. Nikapangusa vumbi kwa kiganja, nikaokota kijiti, nikaandika chini:

MBUZIAMEINGIASHAMBANIMKIMBIZENIUPESI

“Soma.”

Akainama. “Mbu... mbuzia... mbuzi ame...” Wenzake wakaacha mbaazi, wakaja kumsaidia, wakaanza kubishana neno lipi linaishia wapi. Walipofika kwenye “upesi” nikawaambia mbuzi ameshazimaliza kunde, sasa yuko kwenye mahindi.

Ndivyo Wagiriki na Warumi wa kale walivyokuwa wakiandika vitabu vyao, maneno yamebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Msomaji alikuwa na kazi ya kuyatenganisha kwa ulimi wake mwenyewe, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi hudhani alama hizi zote zilitoka Ulaya. Chimbuko la nukta na koma ni Afrika. Yapata miaka 200 kabla ya Kristo, maktaba kubwa ya Aleksandria huko Misri ilisimamiwa na mtaalamu mmoja aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium. Aleksandria haiko mbali na mahali ambapo Mto Nile, huo huo unaotoka Ziwa Viktoria, unaingia baharini. Mzee huyo aliona jinsi wasomaji walivyohangaika, akabuni nukta ya aina tatu. Nukta ya katikati ya mstari ilimwambia msomaji avute pumzi fupi. Ya chini, pumzi ndefu kidogo. Ya juu ilimwambia kwamba wazo limekamilika, atulie.

Na ile nafasi unayoiona kati ya neno na neno? Ilienezwa na watawa wa Ireland katika karne ya 7 na ya 8. Kwa nini wao? Kwa sababu Kilatini, lugha ya vitabu vyao, haikuwa lugha yao. Mtoto wa Roma alikisikia Kilatini mgongoni mwa mama yake. Mtawa wa Ireland alijifunza kwa macho, kitabuni, kama wewe unavyojifunza Kiingereza hapa Muthetheni. Maneno yaliyobanana yalimshinda, akayaachanisha. Baadaye hata wale waliozaliwa na lugha wakaona raha ya kusoma hivyo, wakafuata. Wazee wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Kwa hiyo nikamwambia mjukuu wangu: wewe unayeona ugumu katika lugha ya watu si mjinga. Watu kama wewe ndio waliotuachia nafasi hizi. Akanyoosha mgongo, na maswali yakaanza kumiminika.

La kwanza lilitoka kwa mdogo wake. “Susu, kwa nini Waingereza wanapojitaja wanaandika ‘I’ kubwa? Wanajiona?”

Hapana, mjukuu wangu. Zamani sana Waingereza walijitaja kwa neno “ic”. Miaka ikapita, ile c ikadondoka, ikabaki i moja, nyembamba, iko peke yake katikati ya mstari. Katika mwandiko wa mkono i ya namna hiyo hupotea upesi. Jicho huiona kama doa la wino, au kama kipande cha neno la jirani. Waandishi wakaanza kuirefusha ili isimame, na hadi leo imesimama. Haikuwa majivuno. Sisi tuna “mimi”, herufi nne zilizoshikana mikono, halipotei mahali. Basi haliandikwi kwa herufi kubwa isipokuwa linapoanza sentensi.

Herufi kubwa haikushuka kutoka mbinguni. Mashairi makongwe ya Kiswahili, yale ya Pate na Lamu, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazina kubwa wala ndogo. Uko Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, na humo majina ya watu hayatofautiani kwa ukubwa na maneno mengine. Wajerumani nao wakaenda upande wa pili: kila nomino kwao huanza na herufi kubwa, iwe meza, iwe mbwa, iwe huzuni. Na Wazulu huiandika lugha yao isiZulu, kichwa kidogo na bega kubwa, kwa sababu wao huona jina lenyewe ni Zulu na kile kiambishi kimetangulia tu. Sisi tunaandika Kikamba, Kiswahili, Kiingereza, na herufi kubwa inakaa mwanzo wa neno zima. Ukisafiri duniani utaona kila jamii imekubaliana lake, na kazi yako ni kujua uko nyumbani kwa nani.

Kwetu na kwa Waingereza makubaliano yanakaribiana. Herufi kubwa huanzisha sentensi, na huvalishwa kitu chenye jina lake mwenyewe. Mto ni mto wowote, lakini Mto Athi ni mmoja. Muthetheni iko mashariki mwa mji wa Machakos. Hapo “mashariki” ni upande tu jua linakotokea, basi ni herufi ndogo. Lakini tunaishi Afrika Mashariki, na hilo ni jina, linavaa kubwa. Miungu ya hadithi za kale ni herufi ndogo, naye Mungu tunayemwomba ni herufi kubwa. Siku na miezi, Jumatano na Agosti, ni kubwa katika lugha zote mbili. Majira, yaani masika na vuli na kiangazi, ni madogo katika zote mbili, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza wanapoandika Kiingereza, kwa kuwa wanadhani majira ni ndugu wa miezi.

“Na susu?” akauliza yule wa Gredi ya Sita.

Susu ana hali mbili. Ukiandika “susu yangu anapika”, hilo ni neno la ukoo, kama shangazi au mjomba. Ukiniita, “Njoo, Susu”, hapo umeligeuza kuwa jina langu, nami napenda uniandike kwa kubwa. Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa mama na baba: ukisema mama yangu, ndogo, ukimwita kana kwamba Mama ndilo jina lake, kubwa.

Umeona pia ile koma kati ya “njoo” na “Susu”? Hiyo tutairudia, lakini kwanza niitaje kwa majina yake. Wengine huiita mkato, wengine kipumuo, wengine koma. Neno koma ni la Kigiriki na maana yake ni kipande kilichokatwa, kwa hiyo aliyeiita mkato alilenga barabara. Lakini mtoto wa Kiswahili akisikia “koma” hukumbuka kukoma, kuacha kabisa, akashangaa mbona sentensi haijakoma. Ndiyo maana mimi darasani nilipenda kipumuo. Unapopanda mlima na ndoo ya maji kichwani unasimama kidogo, unapumua, unaendelea. Hujafika. Ukifika unatua ndoo, na hiyo ndiyo nukta, ambayo vitabu vingine huiita kikomo na vingine kituo.

Basi rudini kwa koma ya kuita. Mwaka 1964 mwandishi kijana wa Kenya alichapisha riwaya yake iliyoitwa “Weep Not, Child”. Tazama koma imekaa wapi: kati ya kukataza kulia na mtoto. Koma hiyo inatuambia kwamba kuna mtoto anayelia na mtu mzima ameinama kumsemesha. Iondoe, na mtoto haitwi tena. Anakuwa kama kitu kinacholiliwa. Katika Kiswahili ni hivyo hivyo. “Pika mama” na “Pika, mama” si amri moja, na wa kwanza kulijua hilo ni mama.

Mwandishi huyo nitamrudia, kwa sababu jina lake ni somo zima. Lakini kabla yake nina jambo la kiulizi, ile alama ya kuuliza, na hili linanigusa mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi Mombasa, na kwa mshahara wake wa kwanza alikuwa amemnunulia mama ng'ombe wa maziwa. Mwaka ule mvua haikunyesha. Mto ulibaki mchanga mtupu, tukawa tunachimba visima humo kutafuta maji ya kunywa. Barua ikaja. Mama hakujua kusoma, nami ndiye niliyekuwa macho yake. Nikamsomea: “Nimesikia habari za ukame. Mmeuza ng'ombe. Nijibuni upesi.” Nilisoma kama ilivyoandikwa, sauti ikishuka kwenye kila nukta.

Mama alinyamaza. Ng'ombe hakuwa ameuzwa. Alikuwa pale zizini, mbavu nje, tukimkatia majani ya miti ili aishi. Mama alisikia kwamba mwanawe anamshitaki. Na kwa Mkamba mashitaka ya ng'ombe si madogo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kuchukua mifugo ya Wakamba kwa nguvu ili kuipunguza, maelfu ya watu walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wakidai ng'ombe wao, na Muindi Mbingu akiwa kiongozi wao. Serikali ikampeleka kizuizini Lamu. Leo jina lake liko kwenye barabara katikati ya jiji la Nairobi. Mama alikuwa amekua akisikia habari hizo. Hakutaka tujibu barua ile. Miezi minne nyumba ilikaa na donge.

Kaka alikuja Desemba. Kumbe alikuwa akiuliza. “Mmeuza ng'ombe?” Alikuwa na hofu tu, alitaka kujua kama tumefika mahali pa kuuza ili atume pesa. Kialama kimoja hakikuandikwa, na mama yangu akabeba uchungu miezi minne.

Nimewaza jambo hilo mara nyingi. Kama kaka angeandika kwa Kiingereza, pengine lisingetokea, kwa sababu Kiingereza huuliza kwa kupindua maneno. “You have sold” ni taarifa, “Have you sold” ni swali, hata kama mwandishi amesahau alama. Kiswahili hakipindui kitu. Baba amerudi. Baba amerudi? Baba amerudi! Maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kinywani tunatofautisha kwa kupandisha sauti na kuishusha, na karatasi haina sauti. Ndiyo maana ninasema bila kusita: kiulizi ni muhimu kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Walimu wa Kiingereza hukisisitiza, nasi tunaodhani Kiswahili tunakijua tangu tumboni tunakiacha njiani. Na siku hizi, watu wanapoandikiana kwa simu, wanakiacha zaidi.

Wajukuu walikuwa wamenyamaza. Mmoja akauliza kama ng'ombe yule alipona. Alipona. Alizaa mara mbili baada ya hapo.

“Susu,” akasema yule wa Gredi ya Sita, “na huyo ng'ombe, mbona ana kialama kama kile cha Kiingereza?”

Hapo nikaweka bakuli chini, kwa sababu swali lilikuwa limefika mahali nilipolingojea. Kialama hicho tunakiita ritifaa, na vitabu vingine hukiita kibainishi. Nikawaambia wote wafumbe macho na waseme: ngoma. Ng'ombe. Ngoma. Ng'ombe. Wakaimba hivyo mpaka kuku wakashtuka. Katika ngoma, g inasikika; koo linafunguka ghafla na sauti inatoka mdomoni. Katika ng'ombe, g imemezwa, sauti imepita puani. Bana pua useme ng'ombe, utaona inavyokataa. Ritifaa katika Kiswahili ni sehemu ya herufi yenyewe. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa, bila ritifaa, ni wivu na tamaa. Kangundo, huko juu kwenye vilima vyetu, g inasikika. Murang'a, g imemezwa. Kikamba nacho kinamwita mnyama huyo ng'ombe, na ritifaa hiyo hiyo.

Kiingereza kinaitumia ritifaa kwa kazi nyingine: kuonyesha mahali ambapo herufi imeanguka. “It's” ni “it is” iliyodondosha i. “Don't” ni “do not” iliyodondosha o. Na washairi wetu hufanya hivyo pia wanapobana mizani. Mshairi akiandika “n'takwambia”, ritifaa imekaa mahali pa i. Hivyo hatuko mbali sana na Waingereza.

“Lakini ‘the girl's book’,” akasema, akinionyesha daftari, “hapo imeanguka herufi gani?”

Swali zuri sana! Zamani Kiingereza kilionyesha umiliki kwa kiishio “es”. Ile e ikaacha kutamkwa katika maneno mengi, wakaweka ritifaa mahali pake. Kwa hiyo hata hapo kuna herufi iliyoanguka, ila imeanguka miaka mingi mno hata wenyewe wamesahau. Msichana mmoja ana kitabu: ritifaa kabla ya s. Wasichana wengi wana kitabu, au shule: s inatangulia, ritifaa inafuata. Ndiyo maana mbao za shule nyingi za wasichana nchini zimewasumbua wachoraji. Wengine huweka ritifaa kabla, wengine baada, wengine huiacha kabisa. Kama shule ni ya wasichana wengi, na ni ya wengi, mahali pake ni baada ya s.

Na “its” ya kumiliki, ile ya “ng'ombe na mkia wake”? Hiyo haina ritifaa. Inafuata ndugu zake “his” na “hers” na “ours”, ambazo hazina. Usione aibu ukikosea. Waingereza wenyewe, miaka 300 iliyopita, waliiandika na ritifaa hata wakimaanisha mkia wake, na vitabu vyao vya wakati huo vinaonyesha. Ukitaka kujikagua, soma neno hilo kwa urefu, “it is”. Sentensi ikisimama, weka ritifaa. Ikianguka, iondoe.

Nilisema nitamrudia yule mwandishi. Riwaya ile ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi. Baadaye aliliacha jina la James, akaandika jina lake lote kama lilivyotamkwa kwao Limuru: Ngũgĩ wa Thiong'o. Alifariki Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87, na nilipopata habari nililiandika jina hilo kwenye karatasi nikalitazama kwa muda.

Nikawaandikia wajukuu mchangani, herufi kubwakubwa. Angalieni “Ng” ya kwanza: haina ritifaa, kwa hiyo g inasikika. Angalieni “ng'” ya mwisho: ina ritifaa, g imemezwa. Jina moja limebeba ngoma na ng'ombe. Angalieni “wa”: ni ndogo, kwa sababu si jina, ni daraja, Ngũgĩ mwana wa Thiong'o. Sasa tazameni vijiwimbi juu ya u na i. Kiswahili kina vokali tano, na herufi za Kirumi zikatutosha. Kikikuyu, na Kikamba chetu pia, vina vokali saba. Hizo mbili zilizozidi zilihitaji mahali pa kukaa, ndipo vijiwimbi vikawekwa: ũ inakaribia o, na ĩ inakaribia e. Mashine nyingi za kuandikia hazikuwa na vijiwimbi hivyo, wala wahariri wengi hawakujali, jina likachapishwa kavu miaka na miaka. Yeye akaendelea kuviweka.

Sisi wa huku tunajua jina linapoandikwa na sikio geni linakuwa nini. Jina la mzee Masaku wageni waliliandika Machakos, na Machakos imebaki kwenye ramani. Jina la nchi yetu yote, Kenya, lilianza namna hiyo. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui, alilipata jina la mlima ule mkubwa kutoka vinywani mwa Wakamba, akaliandika alivyolisikia.

Nami nina langu. Jina la baba yangu lina ng' yenye ritifaa. Katika cheti changu cha kuzaliwa imo. Katika cheti changu cha shule, karani aliyekichapa aliiacha. Nilipofikisha umri wa kustaafu na kupeleka karatasi zangu kwenye ofisi moja, nikaambiwa hawa ni watu wawili. Nilikwenda kwa wakili kula kiapo kwamba mimi ni mimi, nikalipa, nikangoja. Nilikaa kwenye benchi nikiwaza kwamba baba yangu alinipa jina moja, na karatasi zimenigawa. Tangu siku hiyo silisaini jina hilo kwa haraka. Nikifika kwenye ritifaa nasimama, naiweka, naendelea.

Kuna maswali mengine waliyouliza ambayo nitayapitia mbio. Wanafunzi wa Kenya huandika “Mr” bila nukta kwa sababu tunafuata Uingereza, ambako kifupisho kinachobakiza herufi ya kwanza na ya mwisho hakiwekewi nukta. Wamarekani wao huweka. Kiswahili huweka: Bw., Bi., Dkt. Alama ya hisi inatosha moja. Tatu hazifanyi mshangao kuwa mara tatu. Nuktamkato, ile nukta yenye koma chini yake, ilianza kuchapishwa Venice katika miaka ya 1490 kwenye karakana ya Aldus Manutius, nami ninaipenda, lakini mtoto wa Gredi ya Sita anaweza kuishi bila yake miaka michache. Na vile vinukta vitatu vinavyofuatana, vya mtu aliyekatiza maneno yake, Kiswahili kimevipa jina zuri kuliko lugha zote ninazozijua: dukuduku. Ni lile jambo linalobaki moyoni bila kusemwa.

Giza lilikuwa limeingia. Mbaazi zilikuwa zimejaa sufuria. Kila mmoja alichukua kijiti akaandika jina lake lote chini, la kwake na la baba yake, herufi kubwa mahali pake, kijiwimbi mahali pake, na aliyekuwa na ritifaa akaiweka kwa kuuchoma mchanga kwa ncha. Asubuhi kuku walikuwa wameyapitia, lakini yalikuwa bado yanasomeka.

Shule zilipokaribia kufunguliwa walirudi kwao Masii. Usiku wa siku hiyo simu yangu ikawaka. Ujumbe ulitoka kwa yule wa Gredi ya Sita, kwa simu ya mama yake:

“Susu umelala”

Nikatabasamu gizani, nikaanza kutafuta miwani. Kabla sijaipata, simu ikawaka tena. Ujumbe wa pili ulikuwa na alama moja tu:

“?”

Nikamwandikia: “Bado, mjukuu wangu. Mmefika salama?”